Kigawa mzigo kisichokumbuka kitu

Mtu anapovuta hazina kubwa ya msimbo kwa Git, muunganisho mmoja wa TCP unaweza kudumu dakika nyingi. Ukikatika njiani, Git haiendelei pale ilipoishia, inaanza upya. Kwa hiyo GitHub hawakuweza kuvumilia kigawa mzigo (load balancer, kinachosambaza miunganisho kwa seva nyingi) ambacho kikizimwa kinawakata watumiaji wake wote. Suluhisho lao, GLB Director, walilitoa kama programu huria Agosti 2018, na kwangu ni miongoni mwa kazi safi zaidi katika fani hii.

Wengi wetu tunaweka vigawa viwili, kimoja kazini na kingine kikisubiri. Cha kwanza kikifa, itifaki ya VRRP inahamishia anwani ya IP kwa cha pili ndani ya sekunde chache. Anwani inahama, lakini kumbukumbu ya nani alikuwa akihudumiwa na seva ipi inabaki kwa marehemu, isipokuwa kama ilikuwa ikinakiliwa muda wote. Kunakili huko nako kunachelewa hasa msongamano unapopanda.

GitHub waliiondoa kumbukumbu yenyewe. Kila kigawa kina nakala ya jedwali lile lile la mistari 65,536, na kila mstari unataja seva mbili, ya kwanza na ya pili. Pakiti ikifika, anwani ya mtumaji inapigiwa hesabu ya heshi, na jibu ndilo namba ya mstari. Kigawa kikianguka, ruta zinapeleka pakiti kwa kingine, nacho kinapiga hesabu ile ile na kufika kwenye seva ile ile. Mtumiaji hahisi lolote.

Kazi ngumu ni kuitoa seva kwa ajili ya matengenezo. Hapo seva mbili za mstari zinabadilishana nafasi. Pakiti sasa inafika kwanza kwa seva mpya, ikiwa imebeba pia anwani ya ile ya zamani. Moduli iliyo ndani ya kerneli ya seva hiyo mpya inaitazama: je, ni SYN, yaani ombi la kufungua muunganisho mpya, au ni ya muunganisho ninaoujua? Ikiwa ndiyo, inaipokea. La sivyo, inaisukuma kwa seva ya zamani, ambako muunganisho bado uko hai. Mazungumzo ya zamani yanamalizikia kwa mwenyewe, mapya yanaanzia kwingine, na kigawa hakijaandika hata herufi moja.

Mpango huu una masharti. Kila mstari una nafasi mbili tu, kwa hiyo lazima mabadiliko yafanywe moja baada ya jingine, na miunganisho ya zamani ipewe muda wa kwisha. Seva ikifa ghafla inakufa na miunganisho yake, na hakuna hesabu ya kuiokoa. Ndiyo maana taarifa za mtumiaji aliyeingia, pamoja na kapu lake la ununuzi, hazifai kukaa kwenye kumbukumbu ya seva moja. Ziwekwe kwenye hifadhi ya pamoja kama Redis, au kwenye kuki iliyotiwa saini, ili kivinjari kikiunganishwa upya na seva yoyote, kimkute mtu wake bado ameingia.