Zimwi na Sura: Sanaa ya Njozi katika Jalada la Mchoraji wa Masii

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu fani na maudhui ya ngano, lakini wameandika machache kuhusu mchoro unaoandamana na ngano hiyo inapotiwa kitabuni. Mchoro huchukuliwa kuwa pambo, kazi ya mchapishaji, jambo lisilomhusu mhakiki. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanafanya hivyo kwa kumtazama mwanafunzi wa uchoraji wa vielelezo atokaye Masii, Machakos. Haikusudiwi mtu mmoja mahususi, bali aina ya msanii anayezidi kuonekana katika vyuo vya Kenya, na mahali ambapo historia ya sanaa na ya usimulizi inalitia tatizo lake uzito wa pekee.

Jalada la mwanafunzi wa aina hii kwa kawaida lina pande mbili. Upande mmoja una njozi: majoka yenye mbawa, mashujaa wa kike waliovaa deraya, miji inayoelea hewani. Upande wa pili una sura za watu: bibi mzaa mama, jirani, mtoto wa shule, zilizochorwa kwa penseli na kwa subira. Sura humpa ujira, kwa kuwa watu hununua sura za wapendwa wao. Njozi ndiyo anayoiota usiku, na ndiyo anayotaka kujulikana kwayo. Walimu wengi humshauri aiache kwa hoja mbili: kwamba ni uigaji wa mambo ya kigeni, na kwamba haina uhusiano na uhalisi wa kwao. Hoja zote mbili zinahitaji kupimwa.

2. Suala la uigaji

Hoja ya uigaji inadhoofika inapoletwa Masii kwenyewe. Katika barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, mbele ya Masii, ipo Wamunyu, kitovu cha uchongaji wa vinyago vya Wakamba. Uchongaji huo, kwa namna unavyojulikana leo duniani, haukuzaliwa hapo. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza ufundi wa vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), akarudi nao nyumbani, na kutoka kwake ukaenea kwa jamaa, majirani na hatimaye eneo zima. Ikiwa asili ya kigeni ni dosari, basi Wamunyu nzima imo hatiani. Hakuna mhakiki makini anayethubutu kusema hivyo.

Hata hivyo, Wamunyu inatoa pia onyo ambalo watetezi wa njozi hawana budi kulisikia. Soko la watalii lilipokua, kinyago kilianza kurudiwa: twiga yule yule, shujaa wa Kimaasai yule yule, mkono ukichonga bila kuuliza. Ufundi ulibaki, swali likatoweka. Kasoro basi haimo katika kuazima umbo. Imo katika kulirudia umbo lililokwisha kupoteza sababu yake. Joka la ngano za Ulaya hulinda hazina, na kulishinda ni kuipata. Joka lililochorwa Masii linalinda nini? Mchoraji akiwa na jibu, joka ni lake. Asipokuwa nalo, joka hilo ni ndugu wa twiga wa dukani.

3. Eimu na wakati wa kutisha

Hoja ya pili, kwamba njozi ni ngeni kwa mazingira ya Ukambani, inakanushwa na ngano zenyewe. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Uswidi, alizikusanya mapema katika karne ya 20. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, akatoa mkusanyo wake, Akamba Stories, mwaka 1966. Katika ngano hizo anatawala eimu, ambaye jina lake ni la ukoo mmoja na maneno ya Kiswahili zimwi na mzimu. Eimu hana umbo moja. Huweza kuwa jitu, huweza kuwa kiumbe duni, na huweza kuja ngomani akiwa kijana mtanashati ambaye wasichana wote wanamtamani.

Hapa ndipo mchoraji anapofikia mtihani wa kweli. G. E. Lessing, katika Laokoon (1766), alitofautisha sanaa mbili: ushairi husimulia matendo yanayofuatana katika wakati, ilhali uchoraji huonyesha vitu vilivyo pamoja katika nafasi, na kwa hiyo mchoraji hulazimika kuchagua punje moja ya wakati. Je, mchoraji wa eimu achague ipi? Mazoea ni kuchagua mwisho: meno, makucha, macho mekundu. Uchaguzi huo huiua ngano. Kitisho cha eimu kimo katika kuchelewa kujulikana. Fanani na hadhira wanashuku mapema; msichana anatambua akiwa amekwisha kuvuka mito na kufika mbali na kwao. Pengo kati ya wanachokijua wasikilizaji na anachokijua mhusika ndilo linaloibeba hadithi. Mchoro unaomwonyesha zimwi mwenye pembe katika ukurasa wa kwanza unaliziba pengo hilo kabla fanani hajafungua kinywa.

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliuweka msingi wa utanzu huo katika kusitasita: msomaji hajui kama analoliona lina maelezo ya kawaida au la. Ngano si fantasia kwa maana yake kamili, kwa sababu hadhira yake hukubali kuwapo kwa mazimwi bila kusita. Lakini msichana aliye ndani ya ngano husita, na mchoro unaweza kumweka msomaji machoni pake. Ili kufanya hivyo, mchoraji anapaswa kuchora kijana mzuri kwelikweli, uso wa kuaminika, wenye jambo dogo tu lisilokaa sawa: kivuli kilichozidi, tabasamu lililodumu mno. Kazi hiyo haiwezekani bila ujuzi wa sura. Upande wa pili wa jalada, ule unaodhaniwa kuwa kinyume cha njozi, ndio unaoipa njozi nguvu.

4. Sura isiyoonekana

Kinyume chake pia ni kweli: zipo sura zisizochoreka bila njozi. Mfano bora ni Syokimau, nabii wa Wakamba. Masimulizi yanasema aliona nyoka mrefu anayetema moto akipita nchini, na reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 watu wakaona utabiri umetimia. Leo jina lake limo katika kituo cha gari la moshi kilichofunguliwa mwaka 2012. Hata hivyo hakuna picha ya kamera inayojulikana ya uso wake. Kila sura ya Syokimau ni ubunifu, na mchoraji anayemchora anafanya sanaa ya njozi apende asipende.

Swali gumu zaidi ni namna ya kuchora alichokiona. Kuchora garimoshi lenye kichwa cha nyoka ni kutafsiri utabiri kwa macho ya aliyekwisha kupanda garimoshi. Syokimau hakuwa na neno hilo. Alitumia nyoka na moto kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vitu vya ulimwengu wake. Mchoro mwaminifu ungeonyesha nyoka na moto kama mtu wa nyikani anavyovijua, na kumwachia msomaji kazi ya kuitambua reli. Huo si uhaba wa uhalisia. Ni uhalisia wa fikra za mhusika.

5. Vitangulizi na pingamizi

Mwanafunzi wa Masii si wa kwanza kuipita njia hii. Miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi, uliohusishwa na mchoraji Terry Hirst, uliziweka ngano na visakale vya Kenya, kikiwemo cha Lwanda Magere, katika vibonzo. Frank Odoi, Mghana aliyefanya kazi yake Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, alibuni Akokhan, ulimwengu wa nguvu za ajabu zilizochotwa katika imani za Kiafrika. Katika maandishi, Kezilahabi alikuwa amekwisha kuvunja mipaka ya uhalisia katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ikiwa riwaya ya Kiswahili iliruhusiwa kuota, ni vigumu kueleza kwa nini kalamu ya mchoraji inyimwe ruhusa hiyo.

Pingamizi moja inastahili heshima. Baadhi ya wataalamu wa fasihi simulizi hushikilia kwamba ngano huishi kwa sababu kila msikilizaji hujichorea zimwi lake gizani, na kwamba mchoro mmoja uliochapishwa huyafuta mazimwi mia. Hatari hiyo ipo. Lakini inaukabili mchoro unaosema kila kitu, si mchoro wenyewe. Fanani hodari hunyamaza mahali panapofaa, na mchoraji naye anaweza kuacha sehemu ya ukurasa ikiwa tupu.

6. Hitimisho

Imedhihirika kwamba mgawanyo wa njozi na sura katika jalada la mchoraji kijana hauna msingi katika fasihi ya eneo lake: eimu anadai sura, na Syokimau anadai njozi. Kumshauri mwanafunzi achague mojawapo ni kumkata mkono mmoja. Ushauri ulio bora ni kumrudisha kwa wasimulizi walio hai huko kwao, asikilize ni wapi wanapunguza sauti, maana hapo ndipo mchoro wake unapopaswa kuwekwa. Idara za fasihi nazo zina deni. Mradi mchoro haujafundishwa kama matini yenye hoja, inayoweza kukosea na kusahihishwa, wachoraji watahukumiwa kwa ladha tu, na soko ndilo litakalobaki kuwa mhakiki wao wa pekee.