Kauboi Arusini

Msomaji, umezoea kuambiwa kwamba uhakiki ni kazi ya kupima mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza. Ni kweli, walakini yako mambo mengine yatungwayo na watu ambayo yafaa kupimwa vivyo hivyo, na mojawapo ni arusi. Arusi ina watungaji wake, wahusika wake na mandhari yake. Yaweza kupendeza, na yaweza kuharibika kama hadithi iharibikavyo, yaani mapambo yanaposhika njia moja na maana ikashika nyingine. Nataka tuitazame arusi ya namna moja ipendwayo na watu wengi Marekani: arusi ya kikauboi.

Mpango wake hufanana karibu kila mahali. Karamu hufanywa katika banda kubwa la shamba, na wageni huketi juu ya marobota ya nyasi kavu. Bwana arusi huvaa kofia pana. Bibi arusi huvaa gauni jeupe, na miguuni buti za ngozi. Chakula ni nyama ya kuchoma na maharagwe. Maua hutiwa katika chupa za kioo zilizokusudiwa kuhifadhia matunda. Mlangoni hubandikwa picha ya maarusi yenye neno “Wanatafutwa”, kana kwamba ni wanyang'anyi, na pembeni husimamishwa jela ya mbao ili wageni wapigiwe picha ndani yake. Usicheke upesi. Sisi ambao tumesikia nyimba za Jim Reeves redioni tangu zama za babu zetu hatuko mbali sana na kofia hizo.

Swali la mhakiki ni hili: kauboi ametafuta nini arusini?

Kauboi wa kweli alikuwa kibarua. Kazi yake ilishamiri baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka wa 1865, ng'ombe walipokuwa wakiswagwa kutoka Texas mpaka kwenye stesheni za reli za Kansas, safari ya miezi miwili au zaidi. Ilidumu kama miaka 20 tu, kisha reli mpya na waya wa seng'enge vikaikomesha. Ufundi wa kamba na farasi ulitoka kwa wachungaji wa Mexico. Wanahistoria hukisia kwamba labda mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Nat Love, aliyezaliwa utumwani huko Tennessee mwaka wa 1854, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka wa 1907, ingawa sinema ziliwasahau watu kama yeye kwa muda mrefu. Ujira ulikuwa mdogo, na wengi walikuwa vijana wasio na mke wala kwao. Kofia ile na buti zile, basi, ni mavazi ya mtu mpweke. Kuyavaa siku ya kuoa ni kinyume ambacho wapangaji wengi hawakioni.

Watunga sinema walikiona. Katika The Searchers, filamu ya John Ford ya mwaka 1956, arusi yaanza, fidla yalia, mara waingia watu wawili waliokuwa wakizunguka nyikani kwa miaka; pazuka ngumi, na ndoa haifungwi. High Noon, iliyoongozwa na Fred Zinnemann mwaka wa 1952, yapita hiyo kwa ukali. Arusi iko mwanzoni kabisa. Will Kane, mlinzi wa sheria wa mji mdogo, amwoa Amy mbele ya hakimu na rafiki wachache. Amy ni Mkweka, na Wakweka hawakubali kumwaga damu. Kwa ajili yake Kane avua beji yake. Papo hapo yaja habari kwamba mhalifu aliyemtia gerezani zamani amefunguliwa, naye atashuka kwa treni ya saa sita mchana. Hakimu aliyefungisha ndoa afunga mizigo na kuondoka. Mwingine ajificha nyumbani na kumtuma mkewe aseme hayupo. Mwingine asema mikono yake imezeeka. Anayebaki kumwokoa Kane ni mke wake wa saa moja, yule asiyetaka damu imwagwe.

Tazama jinsi filamu hiyo inavyotufundisha kupima arusi. Haijali nguo wala maua; yauliza mgeni ni nani. Kwa kipimo hicho, jela ya mbao na ile picha ya wanyang'anyi ni mzaha usiosema lolote juu ya ndoa, nami ningeviondoa bila majuto. Taji za manyoya ambazo wageni wengine huvaa ili kujifanya wenyeji wa asili wa nchi ile ningezikataa mlangoni. Watu wale walinyang'anywa ardhi ambayo mabanda yale yamejengwa juu yake. Fikiri mgeni ajaye arusini kwenu amejipaka ngeu na kushika mkuki kama morani, kwa kuchekesha tu.

Lakini dansi ningeiacha, na hapa ndipo arusi hiyo inapokuwa nzuri hasa. Katika dansi ya zamani ya mashambani watu husimama jozi nne kwa umbo la mraba, na mtu mmoja hutaja hatua kwa sauti: shikaneni, zungukeni, badilishaneni. Bibi kizee hujikuta ameshikana mkono na kijana asiyemjua, na mama wa bwana arusi na mjomba wa bibi arusi. Hakuna awezaye kuketi pembeni akawa mtazamaji, kwa maana jozi moja ikikosekana mraba wote huvunjika. Katika nyika ile, ambako jirani alikuwa mwendo wa saa nyingi kwa farasi, kukutana kwa namna hiyo kulikuwa jambo kubwa kuliko keki. Mpangaji mwenye akili angetumia fedha zake kwa mpiga fidla hodari na mtaja hatua mwenye sauti, kabla ya kununua kofia hata moja.

Ukipata nafasi ya kuiona High Noon, wahesabu wageni wa arusi ile katika dakika za mwanzo, kisha uangalie ni wangapi wamo barabarani saa ya ukutani inapogonga sita.