Ufundi wa Kumwonya Ndugu

Mtu akikosolewa, jibu halichelewi: nyani haoni kundule. Akiwa Mkristo huongeza boriti na kibanzi, na mazungumzo huishia hapo. Lakini methali humcheka nyani tu, ilhali Mathayo 7 inaendelea. Yesu hasemi kibanzi kiachwe jichoni mwa ndugu. Anasema boriti itangulie kutoka, ndipo mtu aone sawasawa na kumsaidia mwenzake. Ni mpangilio wa fundi: kuna la kwanza na kuna la pili, na la pili halifutwi.

Katika jangwa la Sketisi, Misri, karne ya 4, ufundi huo ulikuwa na bingwa wake, Abba Musa, mtumwa wa zamani aliyepata kuongoza genge la wanyang'anyi kabla ya kuwa mtawa. Wazee waliketi kumhukumu ndugu aliyekosa, wakamwita Musa. Akakataa. Walipomwita tena, alichukua mtungi unaovuja, akaujaza maji, akaenda nao huku maji yakichuruzika nyuma yake. Wakatoka kumlaki na kumuuliza kulikoni. Akawaambia kwamba dhambi zake humwagika vivyo hivyo nyuma yake asizione, naye leo anakuja kuhukumu za mwenziwe. Yule ndugu akasamehewa.

Musa angeweza kuwaambia wazee kuwa nao ni wakosaji, na asingekuwa amesema uongo. Badala yake aliweka mezani makosa yake peke yake, akawaachia nafasi ya kujiona wenyewe. Baraza zima likaonyeka bila kukemewa.

Walokole wa Uamsho, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki, waliufanya ufundi huo kuwa desturi. Katika ushirika mtu alisimama akaanza na ya kwake: chuki aliyoificha, mali aliyoiba, na wengine wakairudisha kwa wenyewe. Mtego nao haukukosekana. Mtu aweza kutubu hadharani ili ajipatie kibali cha kuwasema wenzake, na hapo boriti imehamishwa tu, haijatoka.

Aliyejichunguza kweli humfuata ndugu faraghani, kama Mathayo 18 inavyoagiza, husema machache, na akishasema habanduki. Jicho huuma likiguswa. Anayeyajua maumivu hayo kwa jicho lake mwenyewe ndiye anayefaa kukabidhiwa la mwenzake.