Mtu Aliyelificha Jina Lake

Katika Mwanzo sura ya 32, Yakobo anamwuliza jina yule aliyeshindana naye usiku kucha pale Yaboki. Hapewi jina, bali anabarikiwa. Habari hiyo ilitujia mara nyingi tulipokuwa tukisoma Ishi in Two Worlds, kitabu cha Theodora Kroeber kilichotoka mwaka 1961. Nacho kinasimulia habari za mtu asiyelitoa jina lake, na za mtafiti aliyekuja kuwa rafiki yake.

Mwezi Agosti 1911, mtu aliyedhoofika kwa njaa alikutwa kwenye machinjio karibu na mji wa Oroville, California. Alikuwa wa mwisho wa watu wa Yahi. Wenzake walikuwa wameuawa na walowezi au wamekufa mafichoni. Alifungiwa gerezani, maana hawakujua la kufanya naye. Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha California, akamtuma mwenzake kumchukua. Tangu hapo aliishi katika jumba la makumbusho huko San Francisco, hadi alipokufa kwa kifua kikuu mwezi Machi 1916. Kwa desturi ya watu wake, mtu hawatajii wageni jina lake. Watu walipozidi kulidai, Kroeber alimwita Ishi, yaani "mtu" katika lugha yake.

Uzuri wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba mwandishi haanzi na urafiki, bali na damu. Anaeleza jinsi Wayahi walivyowindwa, na jinsi wapima ardhi walivyoivamia kambi yao ya mwisho mwaka 1908 wakachukua vyombo na chakula, huku mama mzee mgonjwa akiwa amelala pale. Uzuri wa pili ni kwamba anaheshimu kusita kwa Ishi. Aliwafundisha wenyeji wake lugha yake na namna ya kuchonga vichwa vya mishale, lakini hakupenda kuzungumza juu ya wafu wake. Mwaka 1914 walipotaka awapeleke kwenye bonde la Deer Creek, mwanzoni alikataa.

Hata hivyo, kitabu kinatutaka tuuamini urafiki huu upesi mno. Mwandishi, aliyekuwa mke wa Kroeber, hakuwahi kumwona Ishi. Anayoyasimulia ameyapata kwa marafiki wa upande mmoja. Anatuambia kwamba Ishi alimwita Kroeber "Chiep", kwa matamshi yake ya neno chifu, kisha anapita. Sisi tungetamani asimame hapo kidogo. Mtu anayekuita mkubwa, anayelala chini ya paa lako na asiye na kwao pa kurudi, anaweza kukukatalia lipi?

Ishi alipokuwa mahututi, Kroeber alikuwa New York. Aliandika barua akisihi mwili wa rafiki yake usipasuliwe, na kwamba urafiki utangulie kabla ya sayansi. Barua ilichelewa. Kitabu kinaipa barua hiyo heshima yake, lakini hakitufikishi kwenye yaliyofuata: Kroeber huyo huyo ndiye aliyeupeleka ubongo wa Ishi kwenye Taasisi ya Smithsonian, Washington. Ulirudishwa kwa jamaa wa kabila lake mwaka 2000, ukazikwa. Hatusemi kwamba urafiki wao ulikuwa wa uongo. Petro alimpenda Bwana kweli, na alimkana kweli.

Tunayaandika haya tukijua tunajihukumu. Tulipokuwa chuo cha teolojia tulitumwa kuwahoji wazee juu ya maombolezo ya zamani. Bibi mmoja alitukaribisha uji siku tatu na hakusema neno. Siku ya nne alitusimulia jinsi alivyomzika mwanawe, akaomba, "Hilo msiliandike, wanangu." Tuliliandika. Tulipata alama nzuri, na kwa bibi yule hatukurudi tena. Tangu tubarikiwe kuwa wachungaji, ni mara ngapi tumepanda mimbarani na machozi ya msharika, tukificha jina lake tu, naye ameketi benchi la tatu akijitambua?

Yesu aliwaita wanafunzi marafiki, na sababu aliyoitoa katika Yohana 15 ni kwamba amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Yeye alianza kwa kujifunua. Mtafiti, na mara nyingi mchungaji, huanza kwa kumfunua mwenzake.

Basi kisomeni kitabu hiki, wapendwa, kinastahili. Mkifika mwisho, mfikirieni yule aliyewaambia neno akidhani linaishia kwenu, na kama yupo hai, mwendeeni. Jina la Ishi halijulikani hadi leo. Bwana analijua, nasi tumeridhika libaki kwake.