Pambo la Kipaji cha Uso

Watsimshian wa pwani ya British Columbia, Kanada, huliita pambo hili amhalaayt. Ni kofia ya ngoma, na mbele yake, juu ya kipaji cha uso, hukaa kipande cha mti kilichochongwa, urefu wake yapata shibiri. Huvaliwa na wakuu, na sura iliyochongwa katikati, iwe ya tai, kunguru, mbwa-mwitu au nyangumi, ni mali ya ukoo, na ukoo hurithiwa kwa mama.

Mti wenyewe aghalabu ni mepeli, jamii ya ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Ni mgumu na nyuzi zake zimeshikana, kwa hiyo fundi anaweza kuchimba ndani sana chini ya nyusi, akauacha ukingo wa mdomo mwembamba nao usimeguke. Tezo hutoa umbo, kisu kilichopinda humalizia. Tazama mdomo wa tai ulivyojikunja kuelekea kidevuni: mkunjo mmoja, basi. Fundi asiyejiamini angeongeza michirizi.

Kisha huja njumu, na hapa ndipo ninapokawia. Konokono wa bahari aitwaye abaloni ana gamba ambalo upande wa ndani huwaka kijani, buluu na waridi. La kaskazini ni jembamba na limefifia. Mafundi walilipenda la California, lililowafikia kwa biashara ya masafa marefu. Gamba limepinda, mti ni bapa. Basi hukatwa vipande vidogo vya mraba, vikasuguliwa, na kila kimoja kikachimbiwa kitako chake kuzunguka ukingo. Vingine huwa macho, vingine meno. Kitako kikizidi, kipande hulegea. Kikibana, gamba hupasuka.

Ndani ya kabati la kioo la makumbusho tunaona nusu tu ya kazi. Fundi alikusudia kichwa kinachotikisika mbele ya moto, vipande vikipokezana mwanga. Juu husimama sharubu za simba-bahari, na katikati yake hutiwa vinyoya laini vya tai. Mchezaji akitikisa kichwa, vinyoya huwapeperukia wageni, ishara ya amani. Mgongoni huning'inia ngozi nyeupe za kicheche wa nchi za baridi.

Toka 1885 hadi 1951 sheria ya Kanada ilipiga marufuku potlachi, karamu kuu ambamo mapambo haya huchezwa, na mengi yakaishia makumbusho ya mbali. Hasara hiyo inauma. Lakini David Boxley, Mtsimshian wa Metlakatla, Alaska, huchonga na pia huongoza kikundi cha ngoma cha Git Hoan, na huko vinyoya vinapepea tena.