Tatuu ya Waingereza: Kisa Kinachosimuliwa na Hukumu Inayojengwa Juu Yake



Kuna kisa kimoja kinachokaririwa kila inapotajwa tatuu ya Waingereza. Husemwa kwamba hawakuijua mpaka nahodha James Cook alipofika Tahiti mwaka 1769. Mabaharia wake wakachanjwa huko, wakarudi nayo, ikaenea bandarini, ikawa alama ya walevi na wafungwa, hadi vijana wa zama zetu walipoigeuza pambo. Wenyewe wamekiandika hivyo mara nyingi, nasi tumekipokea kama kilivyo na kukipandisha juu ya mimbari. Tumeona tukipime hapa, kwa sababu kosa lake halikubakia katika tarehe. Limeingia katika fat'wa.

Kilicho kweli ndani yake ni neno. Jina wanalolitumia Waingereza limetokana na lugha ya watu wa visiwa vile, ambao huiita tatau, na waliolileta ni watu wa safari ya Cook. Mwaka 1774 aliletwa London kijana wa visiwa hivyo aitwaye Omai, akapokewa na wakubwa, na mchoraji Joshua Reynolds akamchora pamoja na alama za mikononi mwake. Watu wakastaajabu. Lakini kuja kwa jina si kuja kwa kitu. Neno letu nembo, ambalo leo twaliona juu ya barua za serikali, asili yake ni alama ya kabila iliyochanjwa usoni. Na Waarabu walikuwa na washmu tangu Jahiliya, hata washairi wao wakaifananisha athari ya mahame na washmu uliofifia mkononi.

Basi kabla ya Cook palikuwa na nini? Hapa wapo waliokimbilia upande wa pili, wakadai kwamba Julius Caesar, aliyevamia kisiwa kile mwaka 55 na 54 kabla ya Miladi, aliwakuta wenyeji wana tatuu. Caesar hakusema hivyo. Alisema wanajipaka rangi ya buluu ili watishe vitani, na kupaka si kuchanja. Mwenye hina mkononi haitwi mwenye washmu. Aliyetaja sindano na maji ya majani ni Isidore wa Seville, katika karne ya saba, alipokuwa akilieleza jina la Wapikti wa kaskazini; naye alikuwa mbali nao, akifasiri jina.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa mwaka 786, ingawa wengi huandika 787. Wajumbe wa Papa Adrian wa Kwanza walikwenda Uingereza kuitengeneza kanisa, wakaandika taarifa yao. Mwaka huo ndio Harun Rashid alioshika ukhalifa Baghdad, na Imam Malik yungali hai Madina. Utasoma mahali pengi kwamba baraza lile liliharamisha tatuu moja kwa moja. Siyo. Taarifa ile iliwalaumu waliojitia alama kwa desturi za kipagani, lakini ikaongeza kwamba lau mtu angeyavumilia maumivu hayo kwa ajili ya Mungu, angelipwa. Wao waliitazama nia. Na Taurati waliyokuwa wakiisoma, katika kitabu cha Walawi, inakataza alama mwilini bila kuuliza nia. Baadaye, katika karne ya kumi na mbili, mtawa William wa Malmesbury akaandika kwamba Waingereza wa wakati wa kushindwa kwao na Wanormani walikuwa na ngozi zilizochanjwa michoro. Hao ni watu wa mwaka 1066, miaka mia saba kabla ya Tahiti.

Mlango ule wa nia haukufungwa tena. Mahujaji wa Kikristo waliokwenda Baitul Muqaddas walikuwa wakichanjwa msalaba mkononi. Mwingereza Fynes Moryson, aliyefika huko mwaka 1596, anasimulia jinsi wenzake walivyotiwa alama na yeye akakataa. Mwaka 1862 Edward, mrithi wa kiti cha Malkia Victoria, akatiwa msalaba katika mji huohuo, na mwaka 1881 mwanawe George, ambaye baadaye akawa mfalme, akachanjwa joka huko Japani. Baada ya hapo mabwana wakubwa wa London wakawa wanakwenda kwa Sutherland Macdonald, aliyefanya kazi yake katika mtaa wa Jermyn, ndani ya bafu la Kituruki lililoitwa Hamam. Tunastaajabu: nyumba iliyopewa jina la mahali pa tohara, ndani yake watu wakaanza kutiana washmu!

Iko wapi basi ile "alama ya wahalifu"? Kesi ya Tichborne inatosha kuivunja. Roger Tichborne alikuwa mrithi wa familia tajiri ya Hampshire, akapotea baharini mwaka 1854. Mama yake hakukubali kwamba amekufa. Mwaka 1866 akatokea mtu kutoka Australia, mchinja nyama, akadai kuwa ndiye Roger. Mama akamkubali, nusu ya nchi ikamwamini. Kesi ikasikilizwa miezi mingi, mashahidi wakapingana, hawa wanasema ndiye, hawa wanasema siye. Kisha akasimama Lord Bellew, aliyesoma na Roger katika chuo cha Stonyhurst, akasema kwamba walipokuwa wanafunzi yeye mwenyewe alimchanja herufi za jina lake katika mkono wa kushoto, mkono ambao tayari ulikuwa na msalaba, moyo na nanga. Mdai hakuwa na alama hata moja. Baraza la wazee wa mahakama likasema limesikia vya kutosha, na dai likaanguka mwaka 1872. Mwaka 1874 mtu huyo akahukumiwa kifungo cha miaka 14 kwa kuapa uongo.

Tumekaa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wa fiqhi wataona jinsi karina moja inavyoweza kushinda ushahidi wa watu wengi wenye mapenzi na chuki. Pili, waliochanjana walikuwa watoto wa mabwana, wakisomeshwa na makasisi, kabla ya mwana mfalme yeyote kwenda Japani. Wafungwa walikuwa nazo, ndiyo. Daftari za waliohamishiwa Australia zimejaa maelezo ya nanga na majina ya wapenzi. Na serikali yenyewe iliwatia askari watoro herufi D kwa sindano na wino, hadi jambo hilo lilipoachwa katika miaka ya 1870. Alama ilikuwa ya hujaji, ya baharia, ya mfalme na ya mtoro. Maana yake ilibadilika kila kizazi.

Sasa tuje kwa makhatibu wetu. Hoja inayosikika sana ni kwamba tatuu ni haramu kwa kuwa ni kujifananisha na wahuni. Mwenye kuifanya hiyo ndiyo sababu ya hukumu amejifunga mwenyewe, maana kijana atamjibu: je, ikivaliwa na wafalme, itakuwa halali? Hukumu haikusimama hapo. Imesimama juu ya nassi: Hadithi za Ibn Mas'ud na Ibn Umar (R.A.), katika Bukhari na Muslim, zinazomlaani mwenye kuchanja na mwenye kuomba achanjwe, na katika ile ya Ibn Mas'ud imetajwa kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu kwa kutafuta uzuri. Hali ya mvaaji haikutajwa, wala nia njema haihalalishi kama walivyofungua wajumbe wa Papa.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwani linawaumiza watu. Ikiwa tatuu ni uhuni, basi aliyesilimu nayo mkononi huonekana mhuni hata ndani ya msikiti. Yupo anayesukumwa safu ya nyuma, na yupo anayeambiwa udhu wake hausihi. Wino umo chini ya ngozi, wala hauzuii maji kufika juu yake. Imam Nawawi ameeleza kwamba kwa wenzetu wa madhehebu ya Shafi pale mahali huwa najisi kwa damu iliyoganda, na kuondoa ni wajibu ikiwezekana kwa dawa. Lakini akihofia kuharibika kiungo, au aibu kubwa katika kiungo cha wazi, hapaswi kuondoa, na akishatubia hana dhambi. Matibabu ya leza ya leo yapimwe kwa kipimo hichohicho, kwa kauli ya tabibu, siyo kwa kauli ya jirani wa safu. Na Ibn Hajar amenukuu katika Fat-hul Bari riwaya kwamba mkono wa Bibi Asma binti Umais (R.A.), mke wa Abubakar (R.A.), ulionekana una washmu, na kauli ya Tabari kuwa huenda alichanjwa kabla ya katazo, ukabakia.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1969 inamkataza mchoraji kumchanja aliye chini ya miaka 18, na kosa ni la mchoraji. Nawawi alikwisha kusema jambo la karibu na hilo kuhusu mtoto: anayepata dhambi ni aliyemchanja, kwani mtoto hajakalifishwa.