Namba ya kitabuni na hewa ya mlimani

Mwaka 1903 Wanorwe wawili, Kristian Birkeland na Sam Eyde, walionyesha kwamba mbolea inaweza kuanza na hewa na umeme. Walipitisha hewa kwenye tao la umeme lenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Nitrojeni na oksijeni zikaungana kuwa oksidi ya nitriki, iliyogeuzwa baadaye kuwa asidi, kisha mbolea. Gesi iliyotoka ilikuwa na oksidi hiyo asilimia 1 au 2 tu, na umeme uliliwa mno, ndiyo maana njia ya Haber na Bosch ya kutengeneza amonia ikawapiku.

Leo wazo hilo limerudi, safari hii kwa mitambo midogo ya plazima, yaani gesi iliyotiwa umeme, inayoweza kuendeshwa kwa umeme wa jua karibu na shamba. Kwa mwenye kihamba cha migomba na kahawa Machame au Marangu, mtelemkoni mwa Kilimanjaro, si wazo la kupuuza. Ila mtambo huanza kama modeli ya kompyuta, na modeli hujengwa kwa mamia ya mimenyuko, kila mmoja na namba yake thabiti ya kasi. Maoni yangu ni kwamba modeli nyingi huharibika hapo, kwa sababu namba hunakiliwa bila kuuliza ilipimwa katika hali gani.

Chukua ozoni. Katika plazima baridi, ozoni huigeuza oksidi ya nitriki kuwa dioksidi ya nitrojeni, hatua muhimu kuelekea asidi. Ozoni yenyewe huzaliwa pale atomi ya oksijeni inapokutana na molekuli ya oksijeni huku molekuli ya tatu ikiwa karibu kuchukua nishati inayobaki. Pasipo hiyo ya tatu, ozoni changa huvunjika papo hapo. Kwa hiyo kasi yake hufuata mraba wa msongamano wa hewa, si msongamano wenyewe tu. Lakini baadhi ya wanamodeli huchukua namba iliyokwisha kuzidishwa na msongamano wa hewa ya usawa wa bahari, wakaiandika kana kwamba ni mmenyuko wa molekuli mbili.

Dar es Salaam kosa hilo halionekani. Moshi mjini, kama mita 800 juu ya bahari, kasi halisi huwa pungufu kuliko ya usawa wa bahari kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Kwenye lango la Marangu la kupandia mlima hubaki kama robo tatu. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu, na mtu angetarajia robo; lakini baridi huongeza msongamano na pia huikuza namba yenyewe, hivyo kwa hesabu yangu hubaki kama sehemu mbili kwa tano. Hakuna atakayejenga mtambo Uhuru, bila shaka, lakini modeli isiyoweza kupanda mlima haikuelewa mmenyuko.

Molekuli ya tatu nayo ina jina. Majaribio mengi hufanywa ndani ya argoni, na argoni huchukua nishati kwa udhaifu zaidi kuliko nitrojeni. Namba ya argoni haifai kuwekwa kwenye hewa bila kurekebishwa.

Upande wa elektroni, kinachotawala ni uga wa umeme ukigawanywa kwa msongamano wa gesi. Volteji ileile ikipelekwa Marangu huzipa elektroni nishati kubwa zaidi, kwa hiyo namba za migongano yao lazima zikokotolewe upya kutoka kwenye data za migongano, si kubebwa kutoka kwenye makala ya mtu mwingine.

Penye joto, ugumu ni mwingine. Atomi ya oksijeni inapoivunja molekuli ya nitrojeni, hukutana na kizingiti kikubwa cha nishati; gesi ikishuka kutoka kelvini 3,000 hadi 2,000, namba thabiti hupungua karibu mara 600. Nitrojeni inayotetema husaidia kuvuka kizingiti hicho, lakini ni sehemu gani ya nishati ya mtetemo ihesabiwe ni makadirio, na hapo wataalamu hutofautiana. Ningeendesha modeli kwa thamani ya juu na ya chini, nikaangalia jibu linayumba kiasi gani.

Matokeo ya mtambo yasipolingana na modeli, kishawishi ni kuivuta namba mpaka yalingane. Bora kwanza kupima joto la gesi: kwenye kelvini 2,000, kukosea kelvini 100 kunabadilisha kasi ya mmenyuko huo wa atomi ya oksijeni na nitrojeni karibu mara mbili na nusu.